Wahandisi Wengi, Mafundi Sanifu Wachache: Elimu ya Uhandisi Tanzania Imekwama Wapi?

Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo asubuhi ya Novemba 16, 2024, lawama zilianza kugawanywa kabla waokoaji hawajamaliza kufukua kifusi. Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliua watu 36, na maneno yaliyosemwa wakati ule ni yaleyale yaliyorudiwa baada ya Kariakoo. Mmoja anasema vyuo vinatoa wahandisi wa makaratasi. Mwingine anasema wahandisi hawatoshi, ndiyo maana majengo hayana wa kuyasimamia. Wa tatu anauliza kwa nini bwawa, reli na madaraja makubwa vinajengwa na kampuni za nje ilhali tumesomesha wahandisi kwa zaidi ya nusu karne. Wa nne ana kijana nyumbani mwenye shahada ya uhandisi na hana kazi, hivyo haelewi uhaba unaotajwa ni upi.

Ukizisikiliza kwa pamoja, kauli hizi zinakinzana. Nchi itakuwaje na wahandisi wachache mno na wakati huohuo wengine wakae bila ajira? Jibu ni kwamba inawezekana kabisa, na ndiyo hali halisi. Kila msemaji ameshika kipande cha ukweli. Kinachohitajika ni kuvipanga vipande hivyo ili tujue kipi ni chanzo na kipi ni matokeo.

Jambo moja liwekwe wazi mapema. Jengo lililoanguka ni ushahidi dhaifu dhidi ya chuo. Swali la kwanza si mhandisi alisoma wapi, bali kama mhandisi alikuwepo. Sehemu kubwa ya ujenzi mijini mwetu hufanywa na mwenye nyumba na fundi wake, na mchoro ukiwepo hutumika kupatia kibali tu. Hapo kinachokosekana ni usimamizi wa sheria. Lakini hata usimamizi unahitaji watu wenye ujuzi wa kuutekeleza, na hapo ndipo elimu inapoingia.

Tulikotoka

Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba nchi ilipata uhuru ikiwa na wahandisi wawili tu na madaktari 12. Katika muongo uliofuata, Mtanzania aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, chini ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, au alivuka bahari. Muungano huo wa vyuo ulivunjika mwaka 1970, na mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kitivo cha Uhandisi kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, kikianza na fani za ujenzi, umeme na mitambo. Mafunzo ya vitendo nje ya chuo yakafanywa sehemu ya masomo.

Kitivo hicho hakikusimama peke yake. Chini yake kulikuwa na Chuo cha Ufundi Dar es Salaam, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1957, kisha Chuo cha Ufundi Arusha kilichofunguliwa 1978 kwa msaada wa Wajerumani, na cha Mbeya cha mwaka 1986 kilichosaidiwa na Wasovieti. Vyuo hivi vilitoa cheti cha fundi sanifu, ile FTC ambayo wazee wa TANESCO, Reli na Ujenzi hawaachi kuisifu mpaka leo. Chini zaidi zilikuwepo sekondari za ufundi: Ifunda, Tanga, Moshi, Mtwara, Iyunga, Bwiru. Pembeni serikali ilijenga taasisi za kubuni na kuendeleza teknolojia, zikiwemo SIDO mwaka 1973, TIRDO 1979, TEMDO 1980 na CAMARTEC 1981, pamoja na viwanda vya umma ambavyo karakana zake zilipokea wanafunzi kila likizo.

Mfumo huo ulikuwa na mapungufu mengi. Ulikuwa mdogo na ghali, ulitegemea wafadhili, na wanawake waliokuwemo walihesabika. Ila kila ngazi ilijua ngazi iliyo juu yake na iliyo chini yake.

Miaka ya 1990 viwanda vya umma vilibinafsishwa, vingi vikafungwa au vikageuzwa maghala. Sekondari za ufundi zikaachwa zichakae, mashine zikafunikwa vumbi. Kisha mwaka 1997 zikaja sheria tatu ambazo hadi leo zinatawala eneo hili: iliyogeuza Chuo cha Ufundi Dar es Salaam kuwa Taasisi ya Teknolojia, yaani DIT, iliyounda baraza la elimu ya ufundi, NACTE, ambalo sasa ni NACTVET, na inayoiongoza Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Upanuzi wa vyuo vikuu ukafuata, vya umma na binafsi. Kwa maneno mengine, tuliongeza wanafunzi katika kipindi kilekile tulichopunguza mahali pa kuwafundishia kazi. Hilo ndilo tukio kubwa kuliko yote katika historia hii, na halizungumzwi vya kutosha.

Wanaosema wahandisi hawatoshi

Hoja hii ina uzito. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115 na litahitaji matunzo kwa vizazi. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 inahitaji watu wa kutunza nyaya, mawasiliano na njia usiku na mchana. TARURA ina barabara za wilayani, RUWASA ina visima na mabomba ya vijijini. Nenda kwenye halmashauri ya pembezoni ukaangalie mhandisi mmoja amebeba miradi mingapi, na hutabisha.

Udhaifu wake ni kudhani kwamba mhandisi huzalishwa kwa kuongeza viti darasani. Mhadhara wa watu 60 unaweza kugeuzwa kuwa wa watu 200, ila mashine ya kuvuta chuma mpaka kikatike ni ileile moja. Tazama kipindi cha maabara kinavyokuwa kundi likizidi. Wanafunzi wawili walio mbele ndio wanaogusa mashine, watano wananakili namba kwenye daftari, waliobaki wanangoja wapigiwe picha za yale madaftari. Ripoti itaandikwa vizuri na alama zitapatikana. Aliyesimama nyuma atahitimu akijua chuma hurefuka kabla ya kukatika, bila kuwahi kukiona kikirefuka.

Serikali inalijua tatizo hili. Mradi wa HEET, wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, unajenga madarasa, karakana na maabara katika vyuo vikuu vya umma. Ni fedha nyingi na zinahitajika. Wasiwasi uko kwenye kile kisichozinduliwa kwa kukata utepe: kemikali, vipuri, umeme wa uhakika na mtaalamu wa maabara mwenye mshahara wa kumfanya asiondoke. Mashine za misaada ya zamani hazikuuawa na uzee. Nyingi zilikufa siku kipuri kidogo kilipovunjika na bajeti ya kukinunua haikuwepo.

Wanaosema nadharia imezidi

Hii ndiyo hoja ipendwayo na waajiri, na ndiyo inayorudiwa zaidi kwenye mikutano. Mhitimu, wanasema, anakokotoa vizuri lakini hajui kusoma mchoro akiwa saiti, hajui kuandaa orodha ya vifaa, hajui kuzungumza na mafundi.

Mengi kati ya hayo ni kweli. Mafunzo kwa vitendo yapo kwenye mitaala, kwa kawaida wiki kadhaa za likizo ndefu kila mwaka. Kinachotokea ndani ya wiki hizo hutegemea bahati. Mwanafunzi anapotafuta nafasi huanza na simu za wajomba. Akiipata, msimamizi wa saiti ana haraka na tarehe ya kukabidhi kazi, hana muda wa kufundisha. Atapewa kazi ya kuhesabu nondo zinaposhushwa, au atakaa ofisini akipanga mafaili. Kitabu chake cha kumbukumbu kitasainiwa siku ya mwisho kwa mkupuo. Mhadhiri anayetakiwa kumtembelea ana wanafunzi waliotawanyika mikoa mitano na posho ya safari moja.

Hata hivyo dawa inayopendekezwa, kupunguza nadharia ili vitendo vipate nafasi, ni ya hatari. Kinachomtofautisha mhandisi na fundi hodari ni uwezo wa kujua kabla ya kujenga kwamba kitu kitasimama, na kujua kwa nini. Siku hizi programu za kompyuta zinasanifu nguzo kwa dakika chache, na zitatoa jibu hata ukiziingizia namba zisizo na maana. Anayeweza kulitazama jibu hilo akasema hapana ni yule aliyeshiba nadharia. Tukiipunguza tutapata watu wanaojua kuendesha mashine za leo na kupotea zikija za kesho.

Tena wahadhiri wenyewe tumewafunga mikono. Hupandishwa vyeo kwa makala zilizochapishwa kwenye majarida, na aliyekaa mwaka mzima kwenye mradi wa maji anarudi akiwa nyuma ya mwenzake aliyekaa ofisini akiandika. Tunamlipa mtu ili asiende saiti, halafu tunamlaumu kwa kutoijua saiti.

Jibu lenye busara zaidi tunalo tayari. Tangu 2003 ERB inaendesha SEAP, mpango wa miaka mitatu ambapo mhitimu anafanya kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa, kwa hatua zinazojulikana, mpaka astahili kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Serikali ya Norway iliwahi kuugharimia kwa ajili ya wahandisi wanawake, na ulionyesha kwamba binti akipewa mahali pa kujifunzia na posho ya kujikimu, anafika. Mpango huu unakiri ukweli ambao vyuo haviwezi kuubadili: miaka minne ya shahada hutengeneza mtu wa kufundishika, na kazi ndiyo inayomkamilisha. Kasoro yake ni ukubwa wake. Unategemea fedha za bajeti zinazopanda na kushuka, na kampuni nyingi hazioni sababu ya kupokea mwanagenzi ambaye akiiva atahamia kwa mshindani.

Wanaosema kazi hakuna

Kundi la tatu linaona vyuo vinaonewa. Bwawa la Julius Nyerere wamelijenga Arab Contractors na Elsewedy wa Misri. Reli ya Dar es Salaam hadi Makutupora wameijenga Yapi Merkezi wa Uturuki. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa tatu na lililozinduliwa Juni 2025, limejengwa na Wachina. Watanzania walikuwemo kote humo, kwa maelfu, na wengi wamejifunza. Lakini kama maamuzi mazito ya usanifu yanafanyika Cairo, Istanbul au Beijing, mhandisi wetu ataupata wapi uzoefu wa kuyafanya?

Hapa pana nguvu kubwa ya hoja. Kanuni za ununuzi wa umma za 2024 zimepandisha kiwango cha kazi zinazotengewa kampuni za wazawa kutoka shilingi bilioni 10 hadi bilioni 50, na hilo litafungua milango. Bado malipo ya serikali kuchelewa ni kilio cha siku nyingi cha wakandarasi wa ndani, na mkandarasi asiyelipwa haajiri mhandisi wa pili wala kumpokea mwanafunzi. Kampuni ndogo itamtafuta mtu mmoja wa kufanya yote: asimamie, apime, anunue saruji, alipe vibarua. Ajira moja inameza tatu, na vijana wawili wanabaki mtaani. Ndiyo sababu uhaba na ukosefu wa ajira vinakaa pamoja: hitaji lipo, ila hakuna mwenye fungu la kulilipia.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba ukiishikilia peke yake inageuka kisingizio. Tangu makubaliano ya mwaka 2012 ya kutambuana kwa wahandisi ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mhandisi aliyesajiliwa Kenya au Uganda anaweza kufuata njia rasmi ya kufanya kazi hapa, na wetu vilevile kwenda kwao. Soko likipanuka na watu wetu hawajaiva, wengine watalijaza.

Wanaosema tatizo limeanzia sekondari

Hawa wana haki na hawahitaji kurasa nyingi. Katika mtihani wa hisabati wa kidato cha nne, kwa miaka mingi amefaulu mtahiniwa mmoja kati ya wanne au watano. Kampeni ya mwaka 2014 ya kujenga maabara katika shule za kata iliacha kuta nyingi ambazo vifaa na walimu wake walichelewa kufika. Mtoto hujifunza hesabu kwa Kiswahili miaka saba, kisha anaanza upya kwa Kiingereza, na sera ya elimu ya 2014 iliyoahidi kubadili hilo imefuatiwa na toleo la 2023 lililokiacha Kiingereza sekondari. Mkondo wa amali ulioanza kidato cha kwanza mwaka 2024 katika baadhi ya shule ni hatua njema, mradi usigeuzwe mahali pa kuwatupia wanaoonekana wazito. Ila matunda ya marekebisho ya hapa yataonekana baada ya miaka kumi na zaidi. Ni lazima yafanyike, na hayawezi kuwa jibu la leo.

Ngazi iliyobomoka

Sasa tuje kwenye kipande ambacho kambi zote nne zinakipita. Wahandisi wenyewe hutaja uwiano wa moja kwa tano kwa ishirini na tano: kila mhandisi mmoja awe na mafundi sanifu watano na mafundi stadi 25. Hesabu hiyo si sheria ya maumbile, na fani zinatofautiana. Kinachosemwa na uwiano huo, hata hivyo, ni sahihi: kazi ya uhandisi hufanywa na kikosi.

Chukua zege tu. Zege zito linachosha kulisambaza katikati ya nondo zilizosongamana, hivyo mafundi huongeza ndoo ya maji ili lilainike na kazi iende. Maji yakizidi huacha vitundu yanapokauka, na nguvu ya nguzo inashuka. Mhandisi anajua hilo. Amelijibu kwenye mtihani mwaka wa pili. Njia ya kulizuia nayo ni rahisi. Koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300 inajazwa zege kwa tabaka tatu, kila tabaka linashindiliwa mara 25 kwa ufito, koni inainuliwa, na unapima zege limeshuka kiasi gani. Likishuka kupita kiwango, mzigo unakataliwa. Vipande vya zege hilohilo vya milimita 150 kila upande vinahifadhiwa kwenye maji na kuvunjwa kwa mashine siku ya 7 na ya 28, ili ijulikane kilichomwagwa kina nguvu gani.

Nani anafanya kazi hiyo? Si mhandisi, ambaye siku hiyo yuko saiti nyingine au kwenye kikao cha mkandarasi na mteja. Si fundi stadi, ambaye ndiye anayetaka maji yaongezwe. Ni fundi sanifu: anayejua kipimo, anayeshinda saiti tangu asubuhi, mwenye mamlaka ya kusimamisha umwagaji. Akikosekana, ujuzi wa mhandisi unabaki kwenye karatasi hata awe amesoma chuo bora duniani. Hapo ndipo lawama ya wahandisi wa makaratasi inapozaliwa, na anayelaumiwa si yule aliyepungua.

Tumempunguza kwa mikono yetu. Taasisi ya Dar es Salaam ilianza kutoa shahada. Chuo cha Mbeya kikawa taasisi mwaka 2005, kisha chuo kikuu kamili, MUST, mwaka 2012. Arusha nayo imeongeza shahada. Wakenya walipita njia hiyohiyo: Kenya Polytechnic ya tangu 1961 na Mombasa Polytechnic zilifanywa vyuo vikuu vya ufundi mwaka 2013. Vyuo hivi vingali vinatoa stashahada na vinafanya kazi ya maana. Kituo cha Kikuletwa cha chuo cha Arusha, kwenye mtambo wa zamani wa umeme wa maji, ni mfano mzuri wa kufundishia mahali penye kitu cha kushika. Lakini uzito wa heshima, fedha na walimu umehamia kwenye shahada, na stashahada imekuwa chumba cha kungojea shahada.

Waliofanya hivyo hawakuwa wajinga. Mzazi anataka mtoto wake aitwe mhandisi. Chuo kikipanda hadhi, wakufunzi wanapanda vyeo. Na muundo wa utumishi wa umma unamwekea mwenye stashahada dari ambalo, hata akiwa na miaka 20 ya kazi, atalipita tu akirudi shule. Kijana anayekimbia ufundi sanifu anasoma mazingira yake kwa usahihi kabisa.

Mizani inaelemea wapi

Wanaotaka idadi wana haki kuhusu hitaji na wamekosea kuhusu njia. Wanaotaka vitendo wameuona ugonjwa, ila wanataka chuo kitibu kinachotibika kazini. Wanaolia na soko wanasema kweli nusu, na wa sekondari wako sahihi kwa muda mrefu. Nikilazimika kuchagua pa kuanzia, naanza na ngazi ya kati na miaka mitatu ya kwanza kazini, kwa sababu huko shilingi moja inarudi haraka na inaongeza thamani ya wahandisi tuliokwisha kuwasomesha.

Hiyo ina maana ya kusitisha kwa muda shahada mpya za uhandisi pale ambapo karakana na wahadhiri hawajatimia, na badala yake kurudisha nguvu kwenye stashahada. Ina maana ya kubadili muundo wa utumishi ili fundi sanifu mahiri apande mpaka alingane kwa mshahara na mhandisi wa kati bila kulazimika kubadili cheti. Kila mkataba mkubwa wa umma, wa mgeni au mzawa, uwe na fungu lililotajwa la wanagenzi wa SEAP na mafundi sanifu, likaguliwe na ERB kama zege linavyokaguliwa, na malipo yafungamane nalo. Na mwaka wa mhadhiri kwenye mradi uhesabiwe katika kupandishwa cheo.

Gharama zipo na zisifichwe. Miradi itapanda bei kidogo, na kwa nchi inayokopa hilo linauma. Vijana waliofaulu vizuri watakosa nafasi ya shahada waliyoitamani, na wazazi wao watalalamika kwa wabunge. Vyuo vilivyopanda hadhi havitapenda kuambiwa fahari yao iko kwenye kozi waliyoiona ya chini. Mwanasiasa anayezindua chuo kikuu anapata picha gazetini. Anayerekebisha muundo wa mishahara ya mafundi sanifu hapati.

Pamoja na hayo, gharama hizo ni ndogo kuliko za kuendelea hivi. Wizara ya Elimu, Utumishi, ERB na NACTVET hazihitaji utafiti mwingine ili zianze. Zikae meza moja na kuandika upya ngazi ya fundi sanifu kabla bajeti ijayo haijapitishwa.